Vyombo vya maua vya mwembe uliovundikwa, Tabora: kipi ununue na kipi ukiache

Anayetafuta zawadi ya mbao Tabora mjini hukutana kwanza na mninga: vigoda, fremu za picha, sinia, vitanda. Mninga wa Tabora una sifa yake na hauhitaji mtu wa kuutetea. Lakini ipo karakana moja ndogo, yenye mashine mbili za kukereza chini ya paa la bati, inayotengeneza vyombo vya maua kwa mti ambao kwa maseremala wengi ni kuni tu: mwembe uliokwisha kuanza kuoza. Vyombo hivyo ndivyo tunavyovipima hapa, pamoja na huduma yao ya kumkerezea mteja gogo lake mwenyewe. Hukumu tunaitanguliza ili mwenye haraka aende zake. Chombo cha saizi ya kati, chenye kimo cha sentimita 20 hivi, ni kazi safi na kinastahili bei wanayoitaja. Kile kidogo cha shina moja ni zawadi isiyo na wasiwasi. Kile kikubwa cha sentimita 30 usikilipie kabla hujakigonga, hujakikuna kwa ukucha na hujakigeuza kitako juu.

Kinachomvuta mtu ni michoro. Juu ya mti wenye rangi ya maziwa hupita mistari myeusi myembamba, kama iliyochorwa kwa kalamu ya wino, ikijipinda na kuzingira maeneo yenye weupe tofauti. Hakuna rangi iliyopakwa wala moto uliotumika. Gogo bichi likikaa penye unyevu na joto, kuvu za aina mbalimbali huliingia kupitia ncha zilizokatwa, na kila moja hujitwalia eneo lake. Zinapokutana mipakani, hujenga kuta nyembamba nyeusi za kujikinga na jirani na kuhifadhi unyevu wa upande wao. Ukuta huo ukikatwa na patasi ndio mstari unaouona. Kwa hiyo mstari haupiti juu juu. Unaingia ndani ya mti, na ukikereza milimita 2 zaidi mchoro unabadilika.

Weupe ulio ndani ya mipaka ni kazi ya uozo mweupe, yaani kuvu zinazokula lignini, kile kinachoshikamanisha nyuzi za mti na kuupa rangi. Madoa ya kijivu na bluu ni ya kundi jingine, linalokula sukari na wanga wa mti mbichi bila kuzidhoofisha nyuzi kwa kiasi kikubwa. Tofauti hii ina maana kwa mnunuzi: chombo chenye bluu nyingi kwa kawaida ni kigumu kuliko chenye weupe mwingi, hata kama cheupe ndicho kinachong'aa zaidi dirishani. Uko pia uozo wa kahawia. Huo hula selulosi, yaani kile kinachozipa nyuzi za mti nguvu, hauleti mchoro wowote wa maana, na mti wake hupasuka vipande vya mraba mraba vinavyosagika kwa vidole. Ukiona kahawia ya namna hiyo popote kwenye chombo, hata karibu na kitako, kirudishe rafuni.

Mwembe umechaguliwa kwa sababu nzuri. Mti wake ni mweupe, kwa hiyo mstari mweusi unaonekana; haujihami sana dhidi ya kuvu; na Tabora haina uhaba wake, kwani miembe ilipandwa kufuata njia ya misafara ya kwenda Ujiji tangu karne ya 19, na mpaka leo kuna mikongwe inayoanguka kwa upepo au kukatwa kupisha nyumba. Mninga na mpingo havifai kwa kazi hii. Mioyo ya miti hiyo ina kemikali zinazozuia kuvu, ndiyo maana milango yake hudumu. Ukiivundika utaambulia sehemu nyeupe ya nje tu, nayo aghalabu wadudu watakuwa wamekutangulia. Mjakaranda unafaa, mparachichi pia. Mkaratusi hupasuka kabla kuvu haijafanya lolote.

Tukija kwenye uvundikaji wenyewe, hapa ndipo karakana hii inapoonyesha kwamba inajua inachofanya. Magogo hukatwa vipande vilivyozidi kimo cha chombo kwa sentimita 15, maana ncha zote mbili zitapasuka na lazima zikatwe zitupwe. Gamba linaachwa, kwa kuwa ndilo linalozuia ubavu usikauke. Kila kipande husimamishwa ndani ya pipa la plastiki la lita 200, juu ya maranda yaliyoloweshwa na kukamuliwa: ukiyafinya mkononi yatoe tone moja au mawili, yasichuruzike. Mfuniko huegeshwa tu, na karibu na mdomo wa pipa kuna matundu machache ya hewa. Maji yakizidi, hewa inakosekana, kuvu zinadumaa na gogo linaishia kunuka. Yakipungua mno, kila kitu kinasimama. Pipa linakaa kivulini, na joto linalotakiwa ni nyuzi 25 hadi 30, ambalo Tabora hulipata bila taabu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Mafundi wa nchi za baridi hushauri gogo lisimamishwe juu ya udongo ili kuvu zipande zenyewe kutoka chini, na humo linaweza kukaa mwaka mzima au zaidi. Tabora ukifanya hivyo umewaandalia mchwa. Mapipa hapa yamepandishwa juu ya matofali, na chini ya kila tofali kuna kopo la oili chafu. Mbegu ya kuvu wanaipata kwa kuvunjavunja kipande cha gogo la zamani lililotoka vizuri na kukichanganya na maranda mapya. Ni njia rahisi na inafanya kazi, ingawa haikuhakikishii mchoro fulani. Kuvu za hewani nazo zitaingia zitakavyo, na ni vizuri ziingie, kwa sababu aina moja ikitawala gogo zima mipaka hupungua na mistari hupungua nayo.

Katika joto hili mwembe huchukua kati ya miezi 2 na 4. Hakuna tarehe ya kuandika kwenye kalenda. Kuanzia wiki ya sita gogo hukaguliwa kila baada ya wiki mbili: hukatwa kipande chembamba cha sentimita 2 nchani na kutazamwa. Weupe hutangulia, mistari hufuata. Mistari ikishaonekana imefunga maeneo kadhaa, gogo hutolewa siku hiyohiyo. Hapa ndipo ilipo thamani yote ya kazi hii. Kuchora na kuoza ni tendo moja. Unachomlipa fundi ni uamuzi wake wa kulisimamisha kabla mti haujalainika. Wiki tatu za tamaa, kungoja mistari iongezeke, zinatosha kugeuza gogo zuri kuwa sifongo.

Vipimo vya uimara ni viwili, na mnunuzi anaweza kuvifanya akiwa amesimama dukani. Cha kwanza ni kugonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka tumbo lote la chombo. Mti mzima hutoa mlio. Penye ulaini mlio unakufa. Cha pili ni ukucha wa kidole gumba: ukandamize kwenye sehemu nyeupe kuliko zote, kwa kawaida katikati ya eneo lililozingirwa na mistari. Ukiacha alama inayozama, sehemu hiyo imepita. Mafundi wa hapa hawakasirikii jambo hilo. Mteja akisitasita, fundi mwenyewe humwambia, "Gonga, dada, usikie," na kumwekea vyombo viwili, kizima na kibovu, apate kulinganisha. Kibovu wamekiweka makusudi, hakiuzwi. Tungependa kila duka la mbao liwe na kitu kama hicho.

Baada ya kutolewa pipani, gogo halikaushwi likiwa zima. Hupasuliwa, likakerezwa nusu likiwa bado na unyevu, likaachwa na ukuta mnene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: tumbo la sentimita 12 huachiwa ukuta wa milimita 12. Mti wa kukauka umepungua, kwa hiyo nyufa zinapungua. Mdomo na kitako hupakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kwa kuwa maji hutoka nchani upesi kuliko ubavuni na huko ndiko nyufa huanzia. Kisha chombo hufungwa kwa karatasi za mifuko ya saruji na kupangwa rafuni, mbali na upepo.

Rafu hiyo ilitufurahisha kuliko kitu kingine chochote pale karakanani. Kila chombo kibichi kimeandikwa kwa penseli kitakoni: tarehe, halafu uzito wa kila wiki, safu ya namba zinazoshuka. Kimoja kilianza gramu 1,460; namba tatu za mwisho zilikuwa 1,120, 1,120 na 1,115. Hicho kiko tayari, au karibu. Uzito usipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, mti umefikia unyevu wa hewa ya mahali ulipo, uko chini ya asilimia 20 ambapo kuvu hulala, na unaweza kumaliziwa. Mizani ya jikoni inatosha. Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, hatua hii huenda haraka. Kwenye mvua husuasua, na chombo kilichomaliziwa Machi huwa na unyevu zaidi ya kilichomaliziwa Septemba. Ukiweza kuchagua, nunua cha kiangazi.

Sasa tuseme kwa nini kikubwa kina shida. Kila gogo lina kiini katikati, ile nukta ambayo pete zote huizunguka. Mti unapokauka husinyaa zaidi kufuata mzingo wa pete kuliko kuelekea katikati, na kiini kikiwa kimefungiwa ndani ya chombo lazima kitu kipasuke. Chombo cha kati chenye tumbo la sentimita 12 hutoka kwenye nusu ya gogo la sentimita 30, pembeni mwa kiini, na kiini hakimo kabisa. Ukitaka tumbo la sentimita 20 kwa njia hiyohiyo unahitaji gogo la sentimita 45 na zaidi, na magogo hayo hayapatikani kila siku wala hayabebeki na mtu mmoja. Kwa hiyo vikubwa hukerezwa kwa gogo zima likiwa na kiini chake. Shingoni hakuna tatizo, maana kiini kinatobolewa na biti. Kitakoni kinabaki. Tulipovigeuza vyombo vinne vikubwa tulikuta vitatu vina ufa wa nyota katikati ya kitako, umezibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Kuziba si kosa, lakini ufa huo utafunguka na kufunga kwa misimu, na ukienda na chombo hicho Dar es Salaam kwenye unyevu wa pwani kisha ukakirudisha bara, gundi itaachia upande mmoja.

Lipo suluhisho, na tunatamani walifanye: kitako kitobolewe kabisa kwa biti ya inchi 2, kisha kizibwe kwa kifuniko cha mninga uliokauka, kilichokerezwa kikakaa kwa kubana na gundi kidogo. Kiini kinakuwa kimeondoka, na duara jekundu la mninga chini ya chombo cheupe lingekuwa pambo lenyewe. Mpaka watakapofanya hivyo, vikubwa tunavipa alama ya wastani tu, hata vile ambavyo michoro yake ni ya kustaajabisha.

Ukerezaji wenyewe ni mzuri. Kanuni ya wakerezaji ni kwamba kipenyo kwa inchi ukizidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000; kwa tumbo la inchi 5 hiyo ni mizunguko 1,200 hadi 1,800. Kwa mti uliovundikwa hukaa upande wa chini, tena huanza na 500 mpaka gogo lipate mizani, kwa sababu sehemu laini inaweza kuachia na kuruka. Nje hukatwa kutoka tumboni kushuka kitakoni, na kutoka tumboni kupanda shingoni, daima kutoka penye unene kwenda penye wembamba, ili kila uzi ukatwe ukiwa umeegemea mwenzake. Ndani ni kinyume: baada ya kutoboa kwa biti ya inchi 1 hadi kina kinachotakiwa, patasi huanzia kwenye tundu na kutanuka kuelekea ukutani. Unene wa ukuta hupimwa kwa waya uliopindwa unaoingizwa shingoni. Kwenye vyombo vya kati tulivyopima, ukuta ulikuwa kati ya milimita 5 na 7, tofauti ndogo kwa kazi inayofanywa bila kuona ndani.

Mahali pa kukagua ni chini ya mabega, pale shingo inapoanza. Fundi akikata kutoka penye wembamba kwenda penye unene, au patasi ikiwa butu, nyuzi laini hung'oka na kuacha vishimo vyenye manyoya, na msasa hauviondoi. Unavifukia tu mpaka vanishi ivifunue tena. Karakana hii imelimudu hilo. Bobari zao, yaani patasi za kukerezea zenye makali ya mviringo, nyingi zimefuliwa kutoka springi za gari, chuma kizuri ila hulegea kikigeuka bluu kwenye mashine ya kunolea, kwa hiyo kuna ndoo ya maji kando na hunoa kidogo kidogo, mara kwa mara. Bobari moja ni ya dukani, ya chuma kile cha biti za drili, nayo ndiyo hutumika kwa mkato wa mwisho. Tupa kuukuu iliyonolewa kuwa patasi hatukuiona, na hilo ni jambo jema: tupa ni ngumu lakini haina ustahimilivu, hukatika vipande mashine ikizunguka.

Sehemu laini kidogo, zile ambazo ukucha unasita lakini hauzami, hutiwa gundi nyepesi ya supaglu kabla ya mkato wa mwisho. Gundi hunywewa na mti na kuugandisha. Kasoro yake ni doa: palipokunywa gundi hugeuka rangi ya njano iliyofifia, na mpaka wake huonekana. Kinga ni kupaka kwanza uso mzima sila, yaani kizibio cha vinyweleo vya mti, iliyopunguzwa kwa tina, nusu kwa nusu, ndipo gundi iwekwe pale tu panapohitaji. Kwenye vyombo viwili vya kati tuliona madoa hayo, na fundi alikiri kwamba sila ilikuwa imekwisha siku hiyo. Dai upunguziwe bei ukikuta doa la namna hiyo; halina madhara, ila limeharibu weupe ambao ndio umeufuata.

Msasa ni hatua inayodharauliwa. Namba zinapaswa kufuatana, 120, 180, 240, 320, na 400 kwa anayetaka mng'ao. Mti huu una ugumu wa aina mbili kando kwa kando. Ukisugua kwa ncha za vidole, sehemu laini huliwa upesi na mstari mweusi, ambao ni mgumu, hubaki umeinuka. Wengine huupenda mguso huo. Sisi tunauona kuwa dalili ya msasa uliokandamizwa vidoleni badala ya kuzungushiwa kipande cha mpira. Pitisha kiganja ukifumba macho, utaujua. Baada ya kila namba vumbi linapaswa kufutwa kwa brashi, la sivyo unga mweusi wa mistari huingia kwenye vinyweleo vya sehemu nyeupe na chombo kizima hufifia. Vidogo vingi vya karakana hii vina ufifio huo, pengine kwa sababu vinafanywa kwa haraka.

Kwenye umaliziaji wana njia mbili. Ya kwanza ni vanishi isiyo na rangi, matabaka matatu, ikisuguliwa kwa msasa wa 400 kati ya tabaka na tabaka. Ya pili ni mchanganyiko wa nta ya nyuki ya Tabora na mafuta ya kitani, sehemu moja ya nta kwa tatu za mafuta, iliyoyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haina haja ya kukaa juu ya moto wenyewe, na kuiweka ni kuchezea hatari. Harufu yake ni nzuri na mguso wake ni wa joto. Lakini mafuta ya kitani hugeuza weupe kuwa njano, na njano huongezeka kwa miaka. Kwa chombo chenye bluu na kijivu, chukua cha vanishi. Kwa chenye krimu na mistari mikali, cha nta kinapendeza. Vitambaa vilivyopakia mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni: yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Hutandazwa nje kimoja kimoja au kuloweshwa kwenye ndoo ya maji.

Wenye vyombo hivi nyumbani, hasa upande wa Kigoma, huvisugua kwa mawese ili ving'ae. Tunawaomba waache. Mawese hayakauki; hubaki yananata, hushika vumbi, hunuka baada ya muda na kuutia mti rangi ya chungwa isiyotoka. Mafuta ya karanga yana tabia hiyohiyo. Chombo cha nta kikififia, pakaa nta ileile kidogo, subiri nusu saa, futa kwa kitambaa cha pamba.

Maji je? Chombo hiki hakishiki maji, na muuzaji anayekuambia kinashika anakupoteza. Mti uliovundikwa hunywa upesi kuliko mti mzima, na unyevu ukipanda tena, kuvu iliyolala inaweza kuamka. Hapa karakana inastahili sifa: kila chombo cha kati kinakuja na bomba la kioo lililofungwa upande mmoja, linaloingia shingoni bila kubana, na hilo ndilo linalotiwa maji na maua mabichi. Acha nafasi ya milimita 2 kuzunguka bomba, na usilijaze mpaka juu. Vikubwa havina bomba, na vidogo vimetobolewa tundu tu la shina moja kavu, ambalo kwa ukubwa wake linatosha. Kwa maua makavu, majani ya mwanzi au mashuke ya mtama, saizi zote zinafaa.

Huduma ya kukerezewa gogo lako ndiyo tunayoipendekeza zaidi, kwa masharti. Bei hupatanwa kwa kimo na kwa unene wa kazi, nusu ikitangulia. Wanakubali gogo lililovundikwa nyumbani, lakini hulikata nchani mbele yako kabla ya kupokea fedha, na likiwa limepita hulikataa. Hiyo ni haki. Usilichukulie kuwa dharau. Makosa tunayoyaona kwa wanaovundika nyumbani ni yaleyale: gogo kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni bila tundu hata moja, likaishia kuchachuka, kuliweka juani, likapasuka kabla ya kuvundika, kuchonga gamba, au kulichelewesha wiki nyingi baada ya kukatwa, nchani pakakauka na kuvu zisipate mlango. Livundike ndani ya siku chache tangu likatwe. Likishatoka pipani, lisafirishe mara moja au zipake ncha nta, kwa sababu siku mbili tu za jua la Septemba zinaweza kuliharibu.

Anayevundika au kusugua msasa mwenyewe avae barakoa inayoziba sawasawa, ya daraja la N95 au FFP2, si kitambaa. Vumbi hili lina spora, yaani mbegu ndogo sana za kuvu, na mabaki ya kuvu, na mwenye pumu asilisogelee kabisa. Utomvu na gamba la mwembe bichi nao huwawasha baadhi ya watu ngozi, hasa wale ambao embe lenyewe huwawasha midomo. Glavu na mikono mirefu zinatosha. Pale karakanani barakoa zipo ila huning'inia shingoni kuliko kukaa puani, na feni ya kufukuzia vumbi inalielekeza mlangoni, wateja wanakosimama. Hilo warekebishe.

Ufungaji kwa safari ni dhaifu. Hutoa gazeti na mfuko. Kwa anayepanda treni kwenda Kigoma au Dar es Salaam, chukua boksi, jaza maranda makavu chini na pembeni kwa unene wa vidole vinne, na bomba la kioo lifungwe peke yake, lisiachwe ndani ya chombo. Ukifika, usikiweke dirishani penye jua wala juu ya friji. Kiache wiki mbili mahali penye kivuli kizoee hewa mpya. Na ukiona siku moja unga laini wa rangi ya krimu umerundikana chini yake, kuna mdudu aliyebaki ndani: kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki mbili, kitoe kikiwa bado ndani ya mfuko mpaka kipate joto la chumba, halafu ziba kitundu kwa nta.